Wafiwa Wasio na Matanga

Jioni ya leo naomba tuanze na neno moja la lugha yetu, neno tunalolitamka karibu kila wiki bila kulitazama. Neno lenyewe ni kufiwa.

Anayekufa amekufa. Anayebaki amefiwa. Kiswahili kilimwona huyu aliyebaki, kikampa kitenzi chake mwenyewe, na kitenzi hicho kikamzalia cheo: mfiwa. Ukishaitwa mfiwa, mambo huanza kutendeka bila wewe kuyaomba. Jirani analeta turubai, mwingine viti, masufuria yanatoka nyumba hii na ile. Mikeka inatandikwa, kahawa inawekwa motoni, na usiku kuna watu wanaolala chini pamoja nawe ili usilie peke yako. Kazini unapewa ruhusa. Ukikosea maneno unasamehewa, ukikataa chakula unabembelezwa.

Neno hili lina nduguye: kuuguliwa. Mtoto akipandwa na homa, mama husema, "Nimeuguliwa." Homa iko kwenye mwili wa mtoto, lakini lugha inakubali kwamba mama naye amepatwa na jambo. Na kutoka mzizi uo huo wa kuugua ndipo tulipompata muuguzi.

Nayasema haya kwa sababu kuna watu ambao kwa takriban miaka miwili waliuguliwa kila siku, wakafiwa karibu kila siku, na hatukuwatandikia hata mkeka mmoja. Nawazungumzia wauguzi, madaktari na watumishi wote wa vyumba vya wagonjwa mahututi wakati wa korona. Wengi wetu tunaviita vyumba hivyo ICU, nami nitaviita vivyo hivyo.

Rudi nami nyuma kidogo. Tarehe 13 Machi 2020 Wizara ya Afya ya Kenya ilitangaza mgonjwa wa kwanza wa korona nchini. Tangu hapo, siku baada ya siku, tulisogea karibu na redio kuisikiliza taarifa ya waziri wa wakati ule, Mutahi Kagwe. Taarifa ilikuwa na mpangilio wake, nasi tukauzoea kama tunavyozoea adhana: sampuli ngapi zimepimwa, wangapi wamepatikana na virusi, wangapi wamepona, wangapi wamefariki, wangapi wako ICU, na kati ya hao wangapi wako kwenye mashine za kupumulia. Watafiti waliouhesabu uwezo wa hospitali zetu mwaka huo walikuta vitanda vya ICU 537 na mashine za kupumulia 256 katika nchi ya watu zaidi ya milioni 47. Tulishtuka, na tulikuwa na haki ya kushtuka. Mjadala wote ukawa mashine: zitanunuliwa lini, zitatoka wapi, kaunti gani imepata ngapi. Sisi watu wa redio tuliyauliza maswali hayo kwa sauti kubwa. Swali ambalo silikumbuki likiulizwa kwa sauti hiyo hiyo ni hili: nani atakayesimama kando ya mashine saa nane za usiku, na atasimama kwa usiku ngapi kabla hajaanguka?

Lilikuwa swali la kuulizwa mwanzo kabisa, maana ICU yenyewe ilizaliwa siku mashine zilipokosekana. Mwaka 1952 mji wa Copenhagen, Denmark, ulikumbwa na mlipuko mkubwa wa polio. Hospitali ya Blegdam ilikuwa na pafu la chuma moja tu, lile pipa kubwa ambalo mgonjwa hulazwa ndani yake likamsaidia kuvuta pumzi, pamoja na vifaa vidogo sita vya kusaidia kupumua. Wagonjwa waliopooza misuli ya kupumulia waliingia mfululizo. Kati ya 31 wa mwanzo, 27 walikufa. Mwezi Agosti daktari wa usingizi aliyeitwa Bjørn Ibsen akaja na rai: mgonjwa atobolewe koo, aingizwe mrija, kisha mtu aketi kando yake akiminya mfuko wa mpira kwa mkono, pumzi baada ya pumzi. Msichana wa miaka 12 akaokolewa hivyo mbele ya madaktari waliokuwa wamejaa shaka. Ndipo wakaitwa wanafunzi wa udaktari. Kama 1,500 hivi walipokezana usiku na mchana kwa miezi, na saa walizominya mifuko ile zikijumlishwa zinafika 165,000. Vifo vikashuka hadi chini ya nusu. Mwaka uliofuata Ibsen akafungua katika mji huo huo kitengo cha kudumu cha wagonjwa wa namna hiyo, na dunia ikaiga.

Nikikumbuka hadithi hii nawaona wale vijana, mkono wa kulia ukichoka wakihamia wa kushoto, wakijua kwamba wakisinzia dakika tatu mtu atakufa. ICU ilizaliwa mikononi mwao. Mashine zilikuja baadaye ili kuipumzisha mikono hiyo, na kwa kweli haijawahi kupumzika sana.

Itazame kazi yenyewe. Mgonjwa wa korona aliyetiwa mrija hulazwa usingizi wa dawa. Hawezi kukohoa, lazima awepo wa kumvuta makohozi. Hawezi kujigeuza, lazima awepo wa kumgeuza asichubuke mgongo. Hawezi kupepesa macho, lazima awepo wa kumtia dawa yasikauke. Dawa inayoipandisha presha yake ikimalizika kwenye pampu na hakuna aliyeweka nyingine, presha inaporomoka papo hapo. Mapafu yakigoma kabisa, mgonjwa hulazwa kifudifudi, aachwe hivyo hata saa 16. Kumgeuza mtu mzima mwenye mirija kinywani, shingoni na kwenye kibofu si kazi ya watu wawili. Huhitajika watano, sita, hata saba, na mmoja wao kazi yake ni moja tu, kuushika mrija wa koo usichomoke. Haya yote yalifanywa ndani ya mavazi ya kujikinga: gauni lisilopitisha hewa, glovu juu ya glovu, barakoa iliyobana mpaka ikachora alama puani, miwani inayoingia ukungu. Ukishavaa huwezi kutoka ovyo kwenda msalani, kwa hiyo huthubutu kunywa maji. Sura haionekani, ndiyo maana wengi waliandika majina yao kifuani kwa kalamu ya wino mzito. Na kengele zinalia usiku kucha, kila mashine na mlio wake, nawe unatakiwa ujue upi wa kuukimbilia.

Nimtaje na msafishaji, maana huwa anasahauliwa. Aliingia chumba kile kile, akavuta hewa ile ile, akapiga deki chini ya vitanda vile vile, na alipotoka hakuna aliyemwita shujaa.

Lakini mwili uliochoka hulala ukaamka. Jambo zito zaidi lilikuwa kwenye simu.

Zamani, mgonjwa anapokaribia kukata roho, muuguzi hurudi nyuma hatua moja na familia husogea mbele. Mke hushika mkono, mtoto mkubwa huinamia sikio la babake. Wakati wa korona jamaa walizuiwa kuingia. Nafasi ile ikabaki tupu, na aliyekuwepo wa kuijaza ni muuguzi peke yake. Yeye ndiye aliyeishika simu, imefungwa ndani ya mfuko wa nailoni, mbele ya uso wa mgonjwa, ili mwana aliye Malindi au Manchester amwone mzazi wake mara ya mwisho. Kama ni familia ya Kiislamu, sauti kutoka simuni ilimsomea mgonjwa Yasini na kumtajia shahada. Kama ni Wakristo, waliimba na kuomba. Muuguzi aliyasikia yote. Alisikia msamaha ulioombwa ukiwa umechelewa. Alimsikia mtoto akiuliza mbona babu hafumbui macho. Hakuweza kuziba masikio, kwa kuwa mkono mmoja ulishika simu na mwingine ulishika mkono wa mgonjwa. Kisha mstari kwenye mashine ukalala, simu ikakatwa, mwili ukafungwa, kitanda kikasafishwa kwa klorini, na nje alikuwepo mwingine anayekisubiri.

Nyumbani kwa marehemu nako matanga yalikatwa. Tunakumbuka wenyewe: mazishi ya haraka, waombolezaji wa kuhesabiwa, watu waliovaa meupe tangu kichwani hadi miguuni wakishusha jeneza huku ndugu wamesimama mbali. Familia zilinyimwa haki ya kulia kwa namna yao, na uchungu huo tuliuona, tukausema hewani, tukawapa pole. Walistahili. Ila aliyemfumba macho marehemu hakupewa pole na mtu. Alikwenda kitanda cha pili.

Alikwenda mara ngapi? Mwaka 2021 jarida la Lancet lilichapisha utafiti uliowafuatilia wagonjwa mahututi wa korona zaidi ya 3,000 katika hospitali 64 za nchi 10 za Afrika, Kenya ikiwemo. Ndani ya siku 30, asilimia 48.2 kati yao walikuwa wamefariki, wakati wastani wa dunia ulikuwa kama asilimia 31. Hesabu hizo tulizisoma kama habari za wagonjwa, na ni haki yao kusomwa kwanza. Nakuomba leo uzisome tena ukiwa umesimama upande wa pili wa kitanda. Una wagonjwa wawili. Umewaogesha, umewapaka mafuta midomo iliyokauka, unajua majina ya watoto wao. Mmoja atakufa, na hujui ni yupi. Wiki ijayo utapewa wawili wengine.

Wahenga walisema kitanda usichokilalia hujui kunguni wake. Hawa hawakukilalia kitanda kile, lakini kunguni wake waliwajua mmoja mmoja.

Hali inayompata mtu baada ya miezi ya namna hiyo imeandikwa na wataalamu kwa muda mrefu. Mwaka 1974 mwanasaikolojia Herbert Freudenberger, aliyekuwa akifanya kazi katika zahanati ya matibabu ya bure huko New York, aliandika juu ya watu walioanza kazi hiyo kwa moyo wote na baada ya muda wakabaki kama jiko lililozimika. Baadaye mwenzake Christina Maslach wa California akatafuta namna ya kuipima, na kipimo alichokitoa pamoja na Susan Jackson mwaka 1981 kinatumika hadi leo. Alikuta mambo matatu yakiandamana: uchovu usiotoka kwa kulala, kuanza kuwaona unaowahudumia kama vitu, na kuhisi kwamba unalolifanya halina faida. Mwaka 2019 Shirika la Afya Duniani liliiweka hali hiyo katika orodha yake mpya ya magonjwa na mambo yanayohusu afya, likaieleza kuwa inatokana na msongo wa kazini uliodumu bila kushughulikiwa. Halikuiita ugonjwa. Likasema inatoka kazini. Naomba usilisahau hilo, maana kila nikizungumza na watu juu ya jambo hili hakosekani wa kusema, "Kama moyo wake ni mwepesi, kwa nini alisomea uuguzi?"

Kwa Kiswahili hatujakubaliana neno. Wako wanaosema uchovu wa kazi, nami naliona dogo. Muuguzi akisema amechoka tunamwambia akalale. Mimi ningesema ganzi. Mguu uliokufa ganzi haujakatika. Upo, unauona, lakini ukiukanyagia huusikii. Muuguzi aliyekufa ganzi moyoni anafika zamu saa moja kamili, anajaza chati, anapima presha, anafunga maiti, na hasikii chochote. Anarudi nyumbani, mwanawe anamfungulia daftari amwonyeshe alama za mwalimu, naye anatazama tu. Nduguze wanasema siku hizi ana maringo. Hana maringo. Moyo umezima upande mmoja ili upande uliobaki uweze kwenda kazini kesho.

Na liko linalouma hata kuliko ganzi. Daktari wa akili Jonathan Shay, aliyewatibu wanajeshi wa Marekani waliorudi kutoka vita vya Vietnam, alieleza kwamba wengi wao hawakuwa wakisumbuliwa na hofu peke yake. Walikuwa na jeraha la dhamiri, jeraha analoachiwa mtu pale mwenye mamlaka anapoisaliti haki huku roho za watu zikiwa hatarini. Wazo hilo likahamia hospitalini. Umefundishwa kwamba mgonjwa mwenye mashine ana muuguzi wake mmoja, kisha unaambiwa uangalie watatu. Unamwona wa tatu akizidiwa wakati mikono yako iko kwa wa kwanza. Unampigia mtu simu kumwambia kwamba mamake anahitaji ICU na kitanda hakuna. Ukifika kwako hujiambii kwamba serikali ilikosea, wala kwamba waliopanga bajeti walikosea. Unajiambia kwamba wewe ndiye uliyeshindwa.

Waingereza walilipima jambo hili mapema. Kwao kanuni ya ICU ilikuwa muuguzi mmoja kwa mgonjwa mmoja aliye kwenye mashine. Machi 2020, maji yalipofika shingoni, mwongozo ukaruhusu muuguzi mmoja mwenye ujuzi huo asimamie hadi wagonjwa sita, akisaidiwa na watumishi walioletwa kutoka wodi nyingine. Kati ya Juni na Julai mwaka huo, wimbi la kwanza lilipotulia, Profesa Neil Greenberg wa King's College London na wenzake waliwauliza watumishi 709 wa vitengo tisa vya ICU nchini humo. Asilimia 45 majibu yao yalifikia kiwango cha kutia wasiwasi, iwe kwa sonona nzito, wasiwasi mkali, kiwewe au ulevi wa kudhuru. Dalili za kiwewe peke yake, zile wanazorudi nazo watu kutoka vitani, walikuwa nazo wanne katika kila kumi. Wauguzi walikuwa na hali mbaya kuliko madaktari. Na kati ya wote walioulizwa, zaidi kidogo ya mmoja katika kila wanane alisema katika siku zile amewaza mara kwa mara kwamba heri afe, au ajidhuru.

Hapo nasimama kidogo. Kama unanisikiliza na mawazo ya namna hiyo yamewahi kukujia, au yako nawe usiku wa leo, usilale nayo peke yako. Mwambie mtu mmoja unayemwamini, leo hii, kisha mwende pamoja kwa mtaalamu. Kuyasema hakukupunguzii heshima.

Wakati majibu yale yakikusanywa, Uingereza ilikuwa imetoka tu kuwapigia makofi watu hao hao. Kila Alhamisi saa mbili za usiku, kwa wiki kumi kuanzia tarehe 26 Machi 2020, watu walitoka milangoni na madirishani wakapiga makofi na masufuria. Lilikuwa jambo la upendo, sitalidharau. Lakini fuata kilichofuata. Waziri Mkuu Boris Johnson alilazwa ICU katika hospitali ya St Thomas' ya London mwezi Aprili, na alipotoka aliwataja kwa majina wauguzi wawili waliokaa naye usiku, mmoja Mreno na mwingine, Jenny McGee, wa New Zealand. Mwaka uliofuata serikali yake ikapendekeza nyongeza ya mshahara ya asilimia moja kwa wauguzi. Mwezi Mei 2021 Jenny McGee akatangaza kwamba anaacha kazi yake pale. Alisema hawapati heshima wala malipo wanayostahili, na kwamba amechoshwa na hali hiyo. Nchi nzima ilikuwa inalijua jina lake. Fikiria wale ambao hakuna waziri mkuu aliyewataja.

Turudi kwetu, maana kwetu makofi yenyewe hayakuwa mengi na mishahara mingine haikuja kabisa. Julai 2020 Kenya ilimpoteza daktari wake wa kwanza kwa korona. Desemba mwaka huo akafariki daktari kijana wa miaka 28 aliyekuwa akihudumia wagonjwa wa korona. Alikuwa kwenye mkataba wa muda, hakuwa na bima ya afya, na kwa miezi mitano alikuwa hajalipwa. Sitalitaja jina lake hewani, familia yake ina haki ya kupumzika. Mwezi huo huo wauguzi na maafisa wa kliniki waliingia mgomoni, na madaktari wakafuata. Mgomo wa wauguzi ukavuka hadi mwaka mpya. Nakumbuka simu zilizopigwa redioni siku zile, watu wakiuliza ni roho gani hiyo ya kumwacha mgonjwa. Waliokuwa wakigoma walitaka bima, vifaa vya kujikinga vinavyofaa na mishahara yao. Kwa maneno mengine walitaka wasife, na wakifa, watoto wao wasife njaa. Naamini tuliwakosea kwa namna tulivyowahukumu, na leo nalisema bila kulizunguka.

Shirika la Afya Duniani lilikadiria kwamba kati ya Januari 2020 na Mei 2021 korona iliua wahudumu wa afya kati ya 80,000 na 180,000 duniani. Upana wa makadirio hayo unatosha kukuonyesha jinsi walivyohesabiwa. Hao ni watu waliokuwa wakipokezana zamu, kwa hiyo muuguzi wa ICU mara nyingine aliyemfungia shuka ni yule aliyekunywa naye chai wiki mbili zilizopita.

Kisha Julai 2021, Rais Uhuru Kenyatta akiwa ziarani London, Kenya na Uingereza zilitia saini makubaliano ya kuwapeleka wauguzi wa Kenya kufanya kazi huko. Siwalaumu wanaokwenda. Mtu aliyehitimu akakaa nyumbani bila ajira ana haki ya kupanda ndege, na pesa anazotuma zinasomesha watoto Kisii na Kilifi. Ninachokiona ni kwamba vitengo vya Uingereza vilikuwa vinatafuta mikono ya kuziba nafasi za waliochoka na kuondoka, wakati vitengo vyetu vilikuwa na waliochoka wasio na wa kuwapokea. Muuguzi wa ICU haokotwi njiani. Baada ya kuhitimu uuguzi anarudi darasani kwa diploma ya juu ya uuguzi wa wagonjwa mahututi, kisha anahitaji miaka ya kukaa kando ya wakongwe ili sikio lake lijue kengele ipi ni ya kweli. Akiondoka huyo, iwe amekwenda Leeds au amekwenda kufungua duka la nguo, kitanda kinabaki na mashine inabaki, ila ICU imepungua.

Basi tufanyeje? Ganzi hii haitatibiwa kwa semina ya kuvuta pumzi siku ya Ijumaa alasiri, na nimesikia za namna hiyo nyingi. Kwanza ni idadi. Kaunti inayonunua kitanda cha ICU iajiri na wauguzi wa kukihudumia mchana, usiku na siku ya mapumziko, kwa ajira ya kudumu na bima. Kitanda kisicho na wauguzi wake kisitangazwe kuwa ni kitanda cha ICU. Likizo iwe likizo, simu isipigwe. Mshahara ufike mwisho wa mwezi.

Baada ya hayo ndipo nazungumzia matanga. Katika hospitali moja ya Virginia, Marekani, muuguzi aitwaye Jonathan Bartels alianzisha jambo dogo kabla ya korona. Mgonjwa akifa, mtu mmoja kati ya waliokuwepo huwaomba wenzake wasimame kimya kando ya kitanda kwa muda usiozidi dakika moja. Husema tu kwamba huyu alikuwa mtu, alipendwa, na sisi tulijitahidi. Kila mmoja anaomba kwa imani yake au ananyamaza tu. Kisha kazi inaendelea. Ada hiyo imeenea hospitali nyingi. Sisi ambao tunajua kukaa chini siku tatu kwa ajili ya mfiwa, hatushindwi kutoa dakika moja. Na mkuu wa zamu aruhusiwe kumwambia muuguzi aliyepoteza wagonjwa wawili usiku mmoja, "Nenda nyumbani, nimepata wa kukushikia," na awe kweli amempata.

Tabia njema nyingine tayari ni yetu, haihitaji bajeti. Msikilizaji, huenda kwenye ukoo wako, kwenye ploti yenu, msikitini au kanisani kwenu, yuko mtu aliyefanya kazi ICU miaka ile. Pengine aliacha kazi na hujui kwa nini. Pengine bado anakwenda na kurudi, na mmemzoea hivyo alivyo, mkimya. Wiki hii nenda kwake kama unavyokwenda kuhani. Nenda na sukari na majani ya chai, uketi. Usimuulize kazi inaendeleaje, wala usimwambie yeye ni shujaa. Mpe mkono umwambie, "Pole kwa waliokufia." Akitaka kuyasema majina yao, msikilize mpaka amalize.